Namna ya Kujifunza Ushauri wa Maendeleo ya Taasisi Bila ya Kuusomea Chuoni

Unguja na Pemba zimejaa vyombo vya watu: vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya ushirika vya wakulima wa mwani na wa mboga, kamati za skuli na za misikiti, jumuiya zisizo za kiserikali, vilabu vya taarab na vya mpira, mbali na idara za Serikali na makampuni. Vingi kati ya hivyo huanzishwa kwa hamasa na nia njema, na baada ya miaka michache huanza kukwama kwa sababu ambazo wenyewe wanazijua lakini hawazitaji kikaoni. Anayeitwa hapo ili awasaidie waone namna wanavyofanya kazi pamoja, kisha waitengeneze wenyewe, ndiye mshauri wa maendeleo ya taasisi.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kujifunza kazi hiyo bila ya kuwa na shahada yake. Mimi nilitokea kwenye ualimu wa skuli, na niliyoyajua nimeyapata kwa kusoma usiku, kwa kufuatana na waliotangulia na kwa kukosea. Naamini kwamba mtu aliyekulia visiwani tayari anayo nusu ya kazi hii, kwa sababu anaujua muhali: ile hali ya kushindwa kumwambia mtu jambo au kumkatalia kwa kuchelea kumuudhi au kumvunjia heshima, hata pale ambapo kunyamaza kunamgharimu kila mmoja. Nusu anayoikosa ni nidhamu ya kuuandama ukweli uliofichwa na muhali bila ya kumdhalilisha mtu, na hiyo haiji kwa kuzaliwa hapa.

Hatua ya kwanza: ijue kazi kabla ya kuitafuta

Edgar Schein, aliyefundisha kwa miaka mingi katika chuo cha MIT kule Marekani, alizitofautisha njia tatu za kuisaidia taasisi. Ya kwanza ni ya mtaalamu anayeuza ujuzi: kikundi kinajua kinachokikosa, tuseme namna ya kuandika daftari la mahesabu, nawe unakuja kuwafundisha. Ya pili ni ya tabibu: wanakwambia wanaumwa, unawapima, unawaandikia dawa na kuondoka, na kuinywa au kutoinywa ni hiari yao. Ya tatu ni ya kufuatana nao, mkitazama pamoja wanavyozungumza, wanavyoamua na wanavyogombana, mpaka wao wenyewe walitambue tatizo na wawe na uwezo wa kulitambua tena siku ambayo wewe hupo. Mshauri mzuri hupita katika njia zote tatu kwa kadiri ya haja, lakini hii ya mwisho ndiyo kazi inayozungumzwa hapa.

Maombi mengi yatakayokufikia yatakuja yamevishwa nguo ya mafunzo. Miradi ya wafadhili imetuzoesha kwamba kila tatizo dawa yake ni warsha ya siku tatu, chai ya saa nne na posho ya nauli, na mwenyekiti anayekwambia "tunataka mafunzo ya uongozi" mara nyingi anakusudia kusema kwamba yeye na katibu hawasemezani. Jizoeze kuuliza, kabla ya kukubali lolote: mafunzo hayo yakimalizika, ni kitu gani kitakachoonekana tofauti Jumatatu inayofuata? Akishindwa kujibu, ujue bado hamjalifikia jambo lenyewe.

Hatua ya pili: soma machache, kwa mpangilio

Jina la fani hii lilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950 kule Marekani, na waasisi wake walitoka katika saikolojia, elimu na viwanda. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na cheti chake, kwani cheti hicho kilikuwa hakijakuwepo. Nalitaja hilo kwa sababu anayejifunza peke yake huona haya mbele ya wenye vyeti, na haya hiyo humfanya ajifiche nyuma ya maneno makubwa ambayo hajayaelewa.

Fikra nne zinatosha kwa miezi mitatu ya mwanzo. Anza na Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyezaliwa mwaka 1890 na aliyehamia Marekani mwaka 1933 baada ya Manazi kushika utawala wa Ujerumani. Yeye aliueneza utafiti tendaji, yaani kwamba kundi hulielewi vizuri kwa kulitazama kwa mbali: unalielewa unapojaribu kulibadilisha pamoja na wenyewe, mkapima kilichotokea na mkajaribu tena. Kutoka kwa Lewin uende kwa Eric Trist na Ken Bamforth, ambao mwaka 1951 waliandika juu ya migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Bamforth mwenyewe alikuwa mchimbaji kabla ya kuingia kwenye utafiti. Walionyesha kwamba mfumo mpya wa mashine ulivivunja vikundi vidogo vya wachimbaji waliochaguana na kufanya kazi nzima kwa pamoja, ukawagawa kwa zamu na kumpa kila mtu kipande chake, na badala ya tija kupanda kama ilivyotarajiwa, utoro na lawama viliongezeka. Kikundi cha akina mama cha hapa kinachopewa mashine ya kusaga mwani kwa ajili ya sabuni kinaweza kupatwa na jambo lile lile: mashine inaingia, mwenye ufunguo wa banda anakuwa mkubwa bila ya kuchaguliwa, na waliokuwa wakitwanga huku wakizungumza wanajikuta hawana kazi wala mazungumzo.

Fikra ya tatu ni ya Marvin Weisbord, ambaye mwaka 1976 alipendekeza taasisi itazamwe kwa visanduku sita: malengo, muundo, mahusiano, tuzo, uongozi na nyenzo za kusaidia kazi, kama vile vikao, bajeti na kanuni. Ya nne ni ya Chris Argyris, aliyesema kwamba mshauri hana budi kuleta mambo matatu: taarifa za kweli, uhuru wa wahusika kuchagua, na dhamira yao ya ndani kwa kile walichokichagua. Lolote unalolifanya linalopunguza moja kati ya matatu hayo, hata likileta matokeo ya haraka, linakutoa katika kazi hii na kukuingiza katika nyengine.

Maandishi mengi ya fani hii yako kwa Kiingereza, na hapana haja ya kuyasoma mengi. Kwa kila fikra, chukua taasisi moja uliyowahi kuwa mwanachama wake, hata ikiwa timu ya mpira wa mtaani, na uandike kurasa mbili za Kiswahili ukiieleza taasisi hiyo kwa fikra hiyo. Ukishindwa kuieleza kwa Kiswahili ambacho bibi yako angekifahamu, hujaielewa, rudi ukasome.

Hatua ya tatu: jifunze kutazama kikao

Kabla ya kumshauri mtu yeyote, omba ruhusa ukae kimya katika vikao vitano vya vyombo mbalimbali. Usiandike ajenda, hiyo katibu ataiandika. Andika nani anazungumza baada ya nani, nani hutazamwa kabla ya uamuzi kupita, jambo gani lilianzishwa likaachwa hewani, na dakika ngapi zilipita kabla ya mwanamke wa kwanza kusema. Kisha tembea nao wakati wa kutoka, kwa sababu kwetu kikao huwa viwili: cha ndani, chenye kumbukumbu zilizoandikwa, na cha barazani, ambacho ndicho kinachoamua kama yale ya ndani yatafuatwa. Ukiona kwamba vikao hivyo viwili havifanani hata kidogo, umeshaupata mlango wa kuingilia.

Zoezi zuri kuliko yote ni mazoezi ya taarab. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab ya Unguja, ilianzishwa mwaka 1905, na si vyombo vingi vya watu katika Afrika ya Mashariki vilivyodumu umri huo. Ukipata ruhusa ya kukaa kwenye mazoezi ya klabu yoyote, tazama nani anamsahihisha nani, kwa neno au kwa jicho, na namna mwenye kosa anavyorudi kwenye wimbo bila ya kufedheheka. Mimi nimejifunza mengi zaidi hapo kuhusu kusahihishana kuliko nilivyojifunza katika semina yoyote niliyohudhuria.

Hatua ya nne: chagua kazi ya kwanza

Taasisi ya kwanza iwe ndogo, yenye watu kati ya 15 na 40, yenye tatizo linaloudhi lakini lisilohusu wizi wala kesi. Isiwe ya ndugu zako, wala iliyo ndani ya shehia yako ikiwa wewe au jamaa zako mna upande katika siasa za hapo. Visiwa hivi ni vidogo, na kumpata mteja ambaye hamjuani kabisa ni taabu. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuutaja ujamaa mapema. Sema mbele ya wote katika siku ya kwanza: "Mshika fedha ni mtoto wa shangazi yangu, na nikiwa upande wake mnikumbushe." Watu walikuwa wanalijua hilo tangu jana yake, walichokuwa hawakijui ni kama wewe utalisema.

Ukifika kijijini, salamu ya kwanza ni kwa sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia, hata kama kikundi kimekwambia haina haja. Sheha asiyearifiwa huwa swali katika kila nyumba utakayoingia.

Hatua ya tano: andika makubaliano

Hapa ndipo wanaojifunza wenyewe wanapoteleza zaidi, nami nimeteleza. Katika kazi yangu ya pili, jumuiya moja ndogo iliniita kutafuta sababu ya watendaji wake kuacha kazi. Nilikubaliana na mwenyekiti kwa mdomo, tukinywa kahawa, kwa sababu kumtolea mtu mzima karatasi niliona ni kumtilia shaka. Nilizungumza na watu tisa, nikaandika ripoti ya kurasa sita na kumkabidhi yeye. Jina la mtu sikulitaja, lakini niliandika "mmoja wa wanaoshughulika na fedha", na wanaoshughulika na fedha pale walikuwa wawili tu, mmoja wao mdogo wake mwenyekiti. Baada ya wiki mbili yule mwengine hakuonekana tena ofisini, na ripoti haikusomwa na mtu mwengine yeyote. Muhali wangu wa dakika tano ulimgharimu mtu ajira yake.

Tangu hapo siingii kazini bila ya karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, iliyosainiwa na angalau viongozi watatu na kusomwa kwa sauti mbele ya wanachama. Karatasi hiyo inaeleza tatizo kwa maneno yao wenyewe; nani ni mteja, yaani ni taasisi nzima au ni kiongozi mmoja; watu gani nitazungumza nao; kitu gani kitabaki siri na kitu gani kitarudishwa kwa wote; kwamba waliotoa taarifa watayaona matokeo kabla ya wakubwa wengine walio nje ya taasisi kuyaona, au siku ile ile; siku ngapi kazi itachukua; malipo na nauli; na kifungu ambacho mimi nakipigania sana, kwamba kila upande unaweza kuisitisha kazi kwa kueleza sababu. Ikiwa kazi imetangazwa na tayari ina hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, usizichukue kama zilivyo. Aghalabu huwa zimeandikwa na mtu ambaye hajafika mahali penyewe, na mshauri ana haki, kwa kweli ana wajibu, wa kuomba zirekebishwe kabla ya kusaini.

Mteja akikataa kipengele cha siri, usiendelee. Najua ni vigumu kuiacha kazi ya kwanza iliyokuja baada ya miezi ya kusubiri.

Hatua ya sita: kusanya taarifa

Vyanzo ni vitatu: nyaraka, macho yako na mazungumzo. Anza na nyaraka kwa sababu hazina muhali: katiba, kumbukumbu za vikao vya mwaka mmoja au miwili, daftari la mahudhurio na daftari la fedha. Huendi kukagua, unatafuta mwenendo. Ajenda ipi inajirudia bila ya kuamuliwa? Nani alikuwa akija na sasa haji? Katiba inasema uchaguzi uwe kila baada ya miaka mingapi, na wa mwisho ulikuwa lini?

Mazungumzo yanataka wakati wake. Wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, hufuata maji; siku za bamvua, maji yakitoka mbali, wako pwani na haifai kuwasumbua, lakini siku za maji mafu, maji yasipotoka mbali, hupatikana. Pemba wakati wa mavuno ya karafuu usipange kikao chochote. Ramadhani ifanyie kazi za kusoma nyaraka. Wazee wanapatikana vizuri baina ya alasiri na magharibi, na wanawake watazungumza zaidi ukiwa na mwenzio mwanamke, au ukimwachia yeye kazi hiyo na wewe ukakaa nje.

Usiulize rai, kwa sababu rai huangukia moja kwa moja kwenye muhali. Ukimuuliza mtu "unauonaje uongozi?", atakwambia "wanajitahidi", na neno hilo katika visiwa hivi linaweza kuwa sifa au tusi. Uliza tukio: "Bibi, nimekuja kujifunza kwenu, si kukagua. Nihadithie kikao cha mwisho ulichohudhuria, tangu ulipofika mpaka ulipotoka." Kisha uliza desturi: "Hapa kwenu, mtu akikerwa na jambo la kikundi, hufanya nini?" Jibu la swali hili la pili, likikusanywa kwa watu kumi na mbili, ni picha ya taasisi nzima, kwani utasikia kwamba wengine humwendea mume wa mwenyekiti, wengine hususa michango, na wengine huhamia kikundi cha jirani kimya kimya. Visanduku sita vya Weisbord vitumie kama ukumbusho wako mwenyewe wa yale usiyoyagusa bado. Usimsomee mtu kama dodoso.

Daftari lako liwe na safu mbili. Kushoto andika maneno waliyoyasema, kama walivyoyasema. Kulia andika unavyofikiri yana maana gani. Safu hizi zisichanganyike hata siku moja. Majina usiyaandike, weka alama, na ufunguo wa alama hizo usikae katika daftari hilo hilo. Na mtu akikwambia jambo kisha akasema "hili baina yetu", lifungie hapo hapo, au mwambie kwamba huwezi kulipokea kwa sharti hilo. Amana uliyoipokea bila ya kujua utaifanyia nini itakusumbua mpaka mwisho wa kazi.

Hatua ya saba: warudishie walichokwambia

Majira ya joto ya mwaka 1946, katika mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, Lewin na wenzake waliendesha semina kwa viongozi wa jamii waliokuwa wakishughulikia uhusiano baina ya watu wa rangi na dini mbalimbali. Mchana vikundi vilijadiliana, na usiku watafiti walikutana peke yao kuelezana walichokiona. Baadhi ya washiriki waliomba wakae wasikilize, wakakubaliwa. Waliposikia tabia zao zikielezwa walipinga, wakafafanua, wakabishana na watafiti, na ikadhihirika kwamba saa zile za usiku zilikuwa zikifundisha kuliko mchana mzima. Lewin alifariki Februari 1947, na wenzake waliiendeleza njia hiyo katika mji wa Bethel, jimbo la Maine, majira ya joto ya mwaka huo huo. Hicho ndicho kiini cha hatua hii: taarifa ni ya walioitoa, na nguvu yake iko katika kuizungumzia mbele yao.

Kwa vitendo, fanya hivi. Toa katika safu ya kushoto maneno yasiyozidi ishirini, uyaandike kwa herufi kubwa, kila neno karatasi yake. Neno lililosemwa na mtu mmoja au wawili tu liache, hata likiwa ndilo zito kuliko yote, isipokuwa wakiwa wamekuruhusu. Ondoa kila alama inayomtambulisha mtu: cheo, nyumba, tarehe aliyojiunga, hata msemo ambao kikundi kizima kinajua ni wa nani. Viongozi waonyeshe siku moja kabla ili wasishitukizwe mbele ya watu, ila iwe imekwisha kukubaliwa katika ile karatasi ya mwanzo kwamba hawatofuta kitu. Siku yenyewe, bandika karatasi ukutani, waache watu wazisome wakitembea, na asiyejua kusoma asomewe na jirani yake. Kisha wagawe watu wanne wanne wachague tatu ambazo zikitengenezwa kikundi kitapumua.

Kutakuwa na kimya. Usikijaze. Mara ya kwanza nilikihesabu kikafika kama dakika mbili, na mikono ilikuwa ikinitoka jasho, mpaka mzee mmoja alipoinuka akasema, "Hii ya tano ni mimi niliyeisema." Baada ya hapo wakazungumza mpaka adhana ya magharibi. Watu wa hapa wanathamini sitara, na wengi hudhani kwamba sitara na ukweli haviendi pamoja. Karatasi zisizo na majina huthibitisha kwamba jambo linaweza kuwekwa wazi huku mtu akiwa amesitiriwa.

Kazi yako wakati huo ni ndogo: kuulizia kisichofahamika, kuzuia mtu asisakwe, na kunyamaza. Ukijikuta unatetea tafsiri yako, umeshaihamishia ukutani safu ya kulia ya daftari lako.

Hatua ya nane: wasaidie wachague jambo dogo

Lewin aliacha chombo kinachofaa sana hapa. Chora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja andikeni nguvu zinazosukuma kuelekea mnakotaka, upande wa pili nguvu zinazozuia. Watu wengi hukimbilia kuongeza za kusukuma, na kila unapozidi kusukuma ndivyo kizuizi kinavyozidi kukaza. Chombo hiki kinakuelekeza upunguze za kuzuia kwanza.

Kikundi kimoja cha wakulima wa mwani kusini mwa Unguja kilikuwa na shida ya mahudhurio. Mkutano ulikuwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, na viongozi walikuwa wamepandisha faini mara mbili bila ya mafanikio. Tulichukua daftari la mahudhurio, tukaandika pembeni ya kila mkutano tarehe ya mwezi mwandamo, na katibu akaliona kabla yangu: mikutano iliyokosa watu ndiyo iliyoangukia bamvua, wakati ambapo saa nne maji yako nje na kila mwenye shamba la mwani yuko pwani. Mkutano ulihamishiwa tarehe 8 ya mwezi mwandamo, siku za maji mafu, na faini ikarudishwa chini. Mahudhurio yaliongezeka, ingawa wawili waliendelea kutokuja, na baadaye ilifahamika kuwa ni kwa sababu ya deni la zamani ambalo kila mtu alilionea muhali kulitaja. Deni hilo lilihitaji kikao chake peke yake, na lilichukua muda mrefu kuliko suala la maji.

Kila uamuzi uandikwe na jina la atakayeufanya na siku ya kuutazama. Mambo yanayogusa katiba ya jumuiya au chama cha ushirika yapelekwe kwenye mkutano mkuu na kwa Mrajis, yaani msajili wa vyombo hivyo, kwa utaratibu wake. Makubaliano ya warsha, hata yakishangiliwa, hayabadilishi katiba.

Hatua ya tisa: mtafute wa kukusahihisha, na ujue pa kusimama

Anayejifunza peke yake hana mwalimu wa kumwambia amekosea, na wateja wetu hawatomwambia kwa sababu ile ile iliyowafanya wamwite. Kwa hiyo mtafute mtu mmoja mwenye uzoefu, awe ofisa ushirika mstaafu, mwalimu mkuu wa zamani au mshauri elekezi anayefanya kazi na jumuiya, na umwendee kila mwezi na daftari lako lenye majina yaliyofichwa. Muulize swali moja: "Hapa nilipofanya hivi, nilikuwa namtumikia nani?" Kubali pia kumchukulia mkoba mshauri mwengine, umsaidie kuandika na kupanga vikao kwa malipo madogo, kwani utaona mambo ambayo hayaandikwi.

Kuhusu malipo, kazi ya kwanza usiifanye bure kabisa. Omba nauli, chakula na barua ya kuthibitisha kwamba umeifanya, kwa sababu kitu kilichotolewa bure huahirishwa kila wiki. Baadaye panga bei kwa siku, ukihesabu siku za kusoma nyaraka na za kuandaa, si za vikao tu.

Ukikuta fedha zimepotea, hiyo ni kazi ya mkaguzi. Ukikuta mgogoro wa ardhi au wa mkataba wa ajira, ni wa mwanasheria. Ukikuta mtu amedhalilishwa, kuna vyombo vyake, na usiigeuze kuwa "mahusiano" ili uiweke katika kisanduku cha tatu cha Weisbord.

Hatua ya kumi: ondoka, kisha urudi mara moja

Tarehe ya kuondoka iwemo katika karatasi ya mwanzo. Siku hiyo wakabidhi karatasi zao zote, choma ufunguo wa alama za majina, na waulize mbele ya wote ni kipi katika kazi yako kiliwasaidia na kipi kiliwapotezea muda. Watakusifu; waombe waandike bila ya majina, kama ulivyowafanyia wao.

Rudi baada ya miezi mitatu, bila ya malipo, kwa nusu siku. Omba daftari la kumbukumbu za vikao na usome vikao vilivyofanyika ulipokuwa haupo. Tazama kama ajenda zilizokuwa zikijirudia zimeamuliwa, kama aliyeacha kuja amerudi, na kama kuna mahali walipokwama wakatumia karatasi za ukutani wenyewe. Ukikuta imeandikwa "tumsubiri mshauri aje", andika sentensi hiyo katika safu ya kushoto ya daftari lako, na mpelekee yule mzoefu anayekusahihisha mwezi unaofuata.